Mama Nailoni wa Nambis

Kijiji kizima cha Nambis kilimwita Mama Nailoni, na kwa miaka saba jina hilo lilimkaa vizuri. Jina lake la ubatizo ni Violeth. Majirani wa rika lake, kwa heshima ya mtoto wake wa kwanza, humwita Mama Emanuel. Lakini mgeni aliyeshuka kwenye gari pale njia panda ya kanisani akauliza nyumba ya mama anayelima vitunguu swaumu, aliambiwa bila kufikiri: "Kwa Mama Nailoni? Panda hicho kilima, utaona bati jekundu."

Jina lilianza mwaka 2014. Mvua za mwaka ule zilikatika mapema, na vitunguu swaumu vya Nambis vikaanza kuwa vya njano kabla ya kutunga. Violeth na mumewe Tomaso walikuwa wakichota maji mtoni kwa ndoo, yeye kichwani na Tomaso kwa punda, na kila walipomaliza tuta la mwisho walikuta la kwanza limeshakauka. Ndipo ikaja semina ya mradi mmoja, ikafanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Mtaalamu aliwaonyesha bunda la nailoni nyeusi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Akasema: tandika juu ya tuta, toboa matundu, panda humo. Magugu yatakufa kwa kukosa jua, na maji hayatapanda hewani.

Wanaume wengi walicheka. Kuvisha udongo nguo! Violeth hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mgongo umeanza kumuuma kwa palizi, na alikuwa mwanamke wa kujaribu kwanza na kubishana baadaye. Akachukua bunda moja, akaanza kupanda upya. Kutoboa matundu kwa kisu kulimchosha, maana nailoni ilichanika ovyo. Basi akachukua kopo la nyanya, akalipasha moto jikoni, akaligandamiza juu ya nailoni. Likatoka tundu la duara, safi, lenye ukingo mgumu ulioungua kidogo. Katika Nambis nzima hakuna aliyewahi kutoboa hivyo kabla yake.

Mwaka ule wenzake walivuna vitunguu kama vidole gumba. Yeye alivuna vya kujaa kiganja.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Tomaso aliezua nyasi akaezeka bati. Emanuel akapelekwa chuo. Bwana shamba akamtangaza kuwa mkulima wa mfano, na kila msimu watu walikuja kusimama kwenye kingo za shamba lake, daftari mkononi, wakimtazama akigandamiza kopo lake la moto. Jirani yake Evarist ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kwanza. Baada yake walikuja wa kitongoji cha pili, kisha wa vijiji vya mbali. Violeth aliwafundisha wote, tena kwa moyo. Hakuna furaha aliyowahi kuipata, hata siku ya harusi yake, iliyozidi ile ya kuona matuta meusi yakizidi kuongezeka upande wa pili wa bonde, na kujua kwamba yote yametoka mkononi mwake.

Kuhusu nailoni iliyochakaa, mtaalamu alikuwa amesema: "Mkivuna kusanyeni, gari litapita kuichukua."

Gari halikupita. Mwaka wa kwanza waliirundika nyuma ya zizi. Upepo wa Agosti, ambao huku juu una meno, ukaitawanya mpaka kwenye shamba la mahindi. Mwaka wa pili Tomaso akaichoma. Moshi mzito uliingia ndani, blanketi zikanuka wiki nzima. Mwaka wa tatu walivuta vipande vikubwa tu. Vilivyobaki wakavikata kwa jembe na kuvifunika.

"Udongo una tumbo kubwa," alisema Tomaso. "Umemeza mababu zetu, utashindwa na karatasi?"

Violeth akaliona ni neno la maana. Wakaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi wake wakafanya kama walivyomwona mwalimu wao akifanya.

Sasa, palikuwa na mzee mmoja wa Dirma, kule chini Hanang, aitwaye Gidamis. Ni Mdatoga, mfugaji, mtu mrefu wa maneno machache, ambaye urafiki wake na nyumba hii ulianza enzi za baba yake Tomaso. Kila mwaka mavuno yakishatoka, Gidamis alipandisha ng'ombe wake mpaka Nambis, siku mbili njiani, waje kula mabua. Ng'ombe walishiba, shamba likapata samadi, na wazee walibadilishana mahindi na asali. Emanuel alipozaliwa, Gidamis ndiye aliyeleta kibuyu cha samli. Walikuwa watu wa makabila mawili ambayo hayakupatana siku zote, lakini katika nyumba ile jambo hilo halikuwahi kutajwa.

Agosti ya mwaka 2021 Gidamis alikuja kama kawaida. Siku ya tatu ng'ombe wake mmoja akagoma kuinuka. Alikuwa jike la kijivu lenye paji jeupe, mama wa ndama wengi, ndiye aliyekuwa akiongoza kundi. Tumbo lilikuwa limevimba upande wa kushoto na kukaza kama ngoma. Alihema, akanyoosha shingo, na kabla ya mchana akafa.

Gidamis alimpasua mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Alipofika tumboni, kisu chake kikasimama. Akaingiza mikono yote miwili, akatoa bonge kubwa kuliko kichwa cha mtu, lililosokotana na kushikamana kama kamba iliyooza. Akaomba maji. Violeth akaleta ndoo. Mzee alilisuuza taratibu, akalifumua, akatandaza kipande kimoja juu ya nyasi na kukilainisha kwa kiganja.

Nailoni nyeusi. Na katikati yake tundu la duara, lenye ukingo mgumu ulioungua kidogo.

"Mama Emanuel," alisema Gidamis, "unaijua hii?"

Tomaso akamwahi mkewe. "Ng'ombe ametembea siku mbili, mzee. Barabarani kuna kila takataka."

Gidamis hakumtazama Tomaso. Alikuwa akimtazama Violeth, akingoja. Violeth aliliona tundu. Aliliona kama mtu anavyouona mwandiko wake mwenyewe. Akainamisha uso.

"Huenda aliokota njiani," akasema.

Mzee akakunja kile kipande, akakifutika kwenye shuka lake. Kesho yake alfajiri aliswaga ng'ombe wake akashuka nao. Hakuaga kwa maneno mengi. Agosti iliyofuata hakupandisha ng'ombe, na mabua yakakauka shambani mpaka mchwa wakayala.

Violeth hakumwambia mtu lililomkaa rohoni. Lakini tangu siku ile macho yake yakawa kama yamefunguliwa kwa nguvu. Aliinama kupanda, akaona vipande vyeusi vimejaa kwenye udongo kama punje za ulezi. Alichimba tuta, akashangaa mahali nyungunyungu walipokwenda, maana zamani kila jembe lilikuwa linatoka na wawili watatu. Mvua ilipopiga, maji yalituama juu badala ya kuzama. Vitunguu bado vilikuwa vizuri, ndiyo, ila kila mwaka vilitaka mbolea zaidi ili viwe vile vile. Alipomgusia Tomaso, alijibiwa kwamba ardhi yote inachoka, hata mtu huchoka.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 akaja msichana wa chuo kikuu aitwaye Hilda, na mabegi mawili mgongoni. Alikuwa anafanya utafiti wa udongo, na ofisi ya kata ilikuwa imemwelekeza kwa mkulima wa mfano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umekuja kujifunza kutandika?"

"Hapana mama. Nimekuja kuchota udongo tu, kama utaniruhusu."

Alichota sehemu kumi na mbili, kila sehemu akiandika kwenye mfuko wa karatasi. Violeth alimfuata nyuma kama mgonjwa anayemfuata daktari. Alasiri walipokuwa wamekaa barazani, akamwomba: "Hayo unayokwenda kuyatazama huko kwenu, hayawezi kuonekana hapa?"

Hilda alisita, kisha akaomba chumvi. Akakoroga chumvi nyingi katika maji mpaka ikagoma kuyeyuka, akayamimina kwenye chupa ya jemu, akatia konzi moja ya udongo uliochekechwa, akatikisa, akaiweka juu ya kigoda.

"Udongo ni mzito, utazama," alieleza. "Vyepesi vitaelea."

Wakangoja. Udongo mwekundu ulishuka polepole. Juu ya maji kukabaki utando wa vitu vidogo vidogo: vipande vya mizizi, maganda, na kati yake chembe nyeusi, na nyuzi nyembamba za buluu.

"Hizo za buluu?"

"Za viroba vya mbolea, nadhani. Vya sandarusi. Vikikaa juani vinaachia nyuzi."

Hilda akavikamata vile vilivyoelea kwa kibano, kimoja kimoja, akaviweka kwenye karatasi. Akapasha sindano kwenye makaa, akagusa chembe ya kwanza. Ikatoa moshi mwembamba, ikawa jivu. "Huu ni mzizi." Akagusa ya pili. Hiyo haikuungua. Ilijikunja, ikasinyaa, ikajivuta kama kitu kinachoumia. "Hii ni nailoni." Akagusa ya tatu. Ikajikunja. Ya nne ikajikunja.

"Hivi ni vikubwa, mama. Vipo ambavyo jicho halivioni kabisa."

Wakati huo mkwewe Loveness, mke wa Emanuel, alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na kama wanawake wengi wenye mimba, alikuwa na hamu ya udongo. Violeth mwenyewe alikuwa akimletea, mabonge mekundu ya kwenye ukingo wa shamba, yanayonukia kama mvua ya kwanza, akiyafunga kwenye pindo la khanga. Yeye pia alikula udongo wa ukingo ule ule alipokuwa na mimba ya Emanuel. Bonge moja lilikuwa hapo hapo kwenye kisahani, limemegwa nusu.

Violeth akalitazama lile bonge. Akalichukua, akalisaga kwa kiganja, akampa Hilda.

Udongo wake ulipotua chini ndani ya chupa, zilielea chembe nyeusi saba. Loveness alikuwa ameacha mboga, amesimama nyuma yao.

"Zinamfanya nini mtoto?" aliuliza.

Hilda alikuwa msichana mkweli, na ukweli ulimpa taabu. "Kwa kweli hatujui. Bado watu wanapima."

"Hamjui kwamba ni mbaya," alisema Violeth, "au hamjui kwamba si mbaya?"

"Vyote viwili, mama."

Loveness aliingia ndani. Wakamsikia akisukutua kinywa, akitema, akisukutua tena.

"Basi nitazichambua," alisema Violeth. "Nitachekecha shamba zima. Ekari mbili si nyingi."

Hilda akainama akafunga mabegi yake. Violeth akaelewa kwamba hilo ndilo jibu.

Wiki ile ile alipanda basi mpaka Katesh, na kutoka Katesh akachukua bodaboda mpaka Dirma. Hakumwambia Tomaso anakokwenda. Alisema anakwenda kumwona dada yake. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu, na tambarare ilikuwa na vumbi, kwa kuwa mvua zilikuwa zimechelewa. Boma la Gidamis alilifahamu kwa kuelezwa tu. Alikuta zizi kubwa lililopungua ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama Emanuel." Gidamis hakuonyesha kushangaa. Alimwonyesha kigoda ndani ya nyumba, na mkewe mkubwa akaleta maziwa kwenye kibuyu, kisha akawaacha.

Violeth hakuyagusa maziwa. "Mzee, nimekuja kusema neno nililopaswa kulisema miaka miwili iliyopita. Ile nailoni ilikuwa yangu. Niliijua palepale. Nikasema uongo mbele yako na mbele ya ng'ombe wako aliyekufa."

Gidamis alifukuza nzi juu ya kibuyu. Kisha akainuka, akatoa kwenye mfuko wa ngozi uliotundikwa ukutani kitu kilichokunjwa, akakiweka juu ya goti lake.

"Nami nilijua," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Miaka yote nimelala kwako. Kopo lako nimeliona. Ng'ombe walipofika hapa, walikufa wengine wanane. Wote nilipasua."

"Wanane!"

"Ng'ombe hufa. Baba yangu alipoteza zizi zima kwa ukame, hakumchukia mtu. Si ng'ombe walionifanya nisipande tena. Nilikuuliza umesimama mbele yangu, mkaza mwana wa rafiki yangu. Ukatazama chini."

Violeth alilia. Mzee alimwacha alie, hakumbembeleza na hakumkemea. Alipotulia, Violeth akamuuliza mzee kama atapandisha ng'ombe tena Agosti.

"Hapana," alisema Gidamis. "Nyasi zako siwezi kuziamini. Lakini wewe umekuja. Kunywa maziwa."

Akanywa. Alipoondoka, mzee alimpa ile nailoni. "Waliojifunza kwako ni wengi. Waonyeshe hii."

Mkutano wa kijiji ulifanyika Machi, kabla tu ya kupanda. Violeth alikuwa ameomba nafasi, na mwenyekiti alimpa kwa furaha, akidhani mkulima wa mfano anataka kuwahimiza watu. Alisimama mbele ya watu mia na zaidi, wengi wao wanafunzi wake, akafunua kile kipande, akakishika juu ili mwanga upite kwenye tundu.

Aliwaeleza yote. Ng'ombe, uongo wake, chupa ya chumvi, nyungunyungu. Akasema hajui madhara yake yataishia wapi, hata wasomi hawajui, lakini kitu kisichooza hakina haki ya kuitwa mbolea wala udongo. Akawaomba waache, au basi wang'oe yote baada ya mavuno na kuidai serikali mahali pa kuitupa. "Mimi ndiye niliyewafundisha," alisema. "Nilifundisha kutandika. Sikufundisha kutandua."

 Kisha Evarist akainuka.

"Mama Emanuel, sisi tunakuheshimu. Lakini nyumba yako ina bati. Mwanao amesoma. Sasa umeshavuka mto, unataka kuvunja daraja sisi tukiwa katikati?"

Watu wakaguna kumuunga mkono. Mwingine akapaza sauti kutoka nyuma: wanunuzi wakisikia vitunguu vya Nambis vina nailoni ndani, nani atavinunua? Mwingine akauliza amelipwa na nani. Mama mmoja aliuliza, bila hasira, kwa sauti ya kuchoka tu: "Mgongo wangu je? Utakuja kunipalilia wewe?"

 Violeth aliujua mgongo ule, ulikuwa wake. Mwenyekiti akamwomba akae, mambo ya kitaalamu yaachiwe wataalamu.

Jumapili baada ya ibada watu walimsalimia, wakapita. Asubuhi ya Jumatatu Tomaso alipofungua mlango, alikuta nje ya uzio rundo la nailoni kuukuu, tope limegandamana nayo, limefika kifuani. Mtu, au watu, walikuwa wamezoa takataka za mashamba yao na kumletea mwenyewe. Siku ya pili rundo likaongezeka. Violeth hakuuliza ni nani. Alisimama mbele yake akitafuta pa kulipeleka, akakuta hapapo: akilichoma litaingia kwenye mapafu ya Loveness, akilifukia ni yale yale, akilitupa korongoni maji yatalishusha kwa watu wengine. Akakata miti na matawi ya miiba, akalizungushia uzio kama zizi.

"Umetuaibisha," alisema Tomaso. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuzungumza tangu mkutano.

"Najua."

"Na mimi nitatandika mwaka huu."

"Baba Emanuel, umeiona ile chupa."

"Nimeiona. Na kukopa chakula kwa njaa nimekuona pia, tangu kabla sijaoa. Wewe unaogopa kisichoonekana. Mimi naogopa ninachokijua."

Hawakugombana zaidi ya hapo. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mbili na hawakuwahi kupigiana kelele. Tomaso alichukua kamba, akapima shamba katikati, akachomeka vigingi. Nusu ya chini akatandika nailoni. Nusu ya juu akamwachia mkewe.

Violeth alitandaza mabua na nyasi kavu. Hazikutosha. Magugu yalitokea kila pembe, akapalilia akiwa amepiga magoti, kwani hakuweza tena kuinama. Kila jioni aliokota chembe nyeusi na kuzitia kwenye debe, na kila asubuhi alikuta nyingine, kwa sababu udongo ulizitoa chini na upepo ulizileta kutoka nusu ya Tomaso na kutoka bonde zima. Mwezi wa nne debe lilijaa. Mwezi wa tano likajaa tena. Watu waliopita njiani walimwona amepiga magoti hivyo saa nyingi, wakasema akili yake imeguswa.

Mavuno yalikuja Agosti. Hapa ndipo msimuliaji mwenye huruma angetamani kusema kwamba nusu ya juu ilishinda. Haikushinda. Tomaso alijaza magunia kumi na moja ya vitunguu vinono, vyeupe, vya kupendeza macho. Violeth alijaza matatu, vingi vyake vidogo, vingine vimeliwa na funza. Mnunuzi alipokuja na lori alimimina kiganjani vichache vya Violeth, akavirudisha kwenye gunia. "Hivi ni vya nyumbani, mama," alisema kwa adabu. Evarist alikuwa pale akipakia magunia yake. Aliona. Hakucheka, na kutokucheka kwake kulimuuma Violeth zaidi.

Loveness alijifungua mwezi huo huo katika zahanati, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, mwenye sauti kali. Wakamwita Natalia. Kila mtu alisema ni mzima, na kwa kila walichoweza kupima alikuwa mzima. Violeth alimwogesha, akamgeuza, akamtazama vidole, nyayo, weupe wa macho. Hakujua anatafuta nini. Usiku alimsikia akipumua chumba cha pili, akahesabu pumzi mpaka usingizi ukamkimbia kabisa.

Siku chache baada ya lori kuondoka, Violeth alikuwa jikoni akisikia upepo ukipiga nailoni kule chini, pa, pa, pa, kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Akatoka. Tomaso alikuwa peke yake katikati ya matuta yaliyovunwa, jembe halikuwamo mkononi mwake. Alikuwa ameinama anavuta nailoni, kipande kwa kipande, mzee wa miaka sitini na moja, na kila alipovuta ilimkatikia.

Violeth alishuka. Aliona kwamba safari hii mumewe hakutaka kuikata kwa jembe na kuifukia. Alipiga magoti upande wa pili wa tuta, akachimbua ukingo kwa vidole, akaushika.

"Usivute kwa nguvu," alimwambia. "Twende pamoja."

Wakavuta pamoja, taratibu, yeye huku na Tomaso kule. Ilitoka kama urefu wa hatua nne, ikiwa nzima, udongo ukidondoka juu yake. Kisha ikachanika katikati. Vipande vikaruka na upepo, vikapita juu ya vigingi, vikapanda kuelekea nusu ya juu.

Tomaso alivitazama vikienda. "Hii haitoki yote," alisema.

"Haitoki."

Palikuwa na matuta arobaini na sita. Walikuwa kwenye la tatu. Tomaso akapangusa mikono kwenye suruali, akahamia kwenye ukingo unaofuata, akachimbua kwa vidole mpaka akapata ncha, akangoja mkewe naye apate yake.